Kabla Hujang'oa Hilo Jino

Wasee, leo historia ya jino. Tuanzie nyumbani.

Mwaka wa 1984, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu kando ya laga ya Nariokotome, huku kwetu kaskazini mwa Turkana. Timu ya Richard Leakey ikachimba, ikapata sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Kwenye taya lake la chini, pale jino la utoto lilipong'oka, kulikuwa na alama za ugonjwa. Watafiti wengine walikisia kwamba maambukizi yaliingia kwenye damu yakamuua. Ni makisio, lakini njia hiyo ya kufa ipo hadi leo.

Jino si jiwe. Ndani kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na neva. Likitoboka, bakteria huingia, nyama huoza, usaha hushuka hadi kwenye mfupa. Panadol hutuliza uchungu tu. Usaha unabaki.

Zamani dawa ilikuwa koleo. Lakini mwaka wa 1728 Mfaransa Pierre Fauchard aliandika kuhusu kutoa uchafu wa ndani bila kung'oa jino. Mwaka wa 1838 Mmarekani Edwin Maynard akachonga sindano ya kazi hiyo kutoka kwa springi ya saa. Mpaka leo wazo ni lile lile: daktari anakudunga ganzi, anasafisha mifereji ya mizizi, anaiziba, halafu mara nyingi anafunika jino kwa kofia.

Sasa ile stori ati matibabu haya yanaleta magonjwa mwilini imetoka wapi? Mwaka wa 1910 daktari wa Uingereza William Hunter alihutubu Montreal, akilaumu meno yaliyotengenezwa juu ya uchafu. Nadharia hiyo ikashika, watu waking'olewa meno ovyo. Utafiti wa baadaye ukaiangusha, lakini mitandaoni bado inatembea.

Huku Kaaleng pengo halishtui mtu. Wazee wetu walitoa meno ya mbele ya chini kwa desturi. Lakini ile ilikuwa desturi. Kung'oa gego ukiwa na miaka 19 kwa sababu hukuambiwa kuna njia nyingine, hiyo si desturi, ni kunyimwa.

Kweli, si kila jino linaokolewa, na kulitibu ni ghali kuliko kuling'oa. Lakini kabla ya koleo, uliza: "Daktari, hili linaweza kuokolewa?" Na uso ukivimba, una homa au kumeza ni shida, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.