Kimondo cha Mbozi na Hesabu ya Wataalamu

Somo letu la leo linaanza na kitu mnachokijua, hasa ninyi mnaotusikiliza kutoka Tunduma, Vwawa na Mlowo. Kitu hicho ni kimondo cha Mbozi, kilicho kwenye mtelemko wa kilima cha Marengi, katika mkoa uliopewa jina la Songwe mwaka 2016. Urefu wake ni kama meta 3, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Watu hukiita jiwe, lakini karibu chote ni chuma, pamoja na nikeli kidogo, nacho kilianguka kutoka angani.

Vitabu husema kwamba kiligunduliwa mwezi wa Oktoba 1930 na W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg. Neno hilo "kiligunduliwa" lataka kuangaliwa vizuri. Wenyeji wa Mbozi walikijua kabla Nott hajafika. Ila habari zao hazikutiwa katika maandishi, na majina yao hayamo vitabuni.

Desemba mwaka ule ule akaja Dk. D. R. Grantham, wa idara ya serikali ya kuchunguza miamba. Alikata kipande cha sentimeta 10 hivi kwa msumeno wa chuma, na kazi hiyo ikachukua saa 10! Mwaka 1931 yeye na F. Oates wakachapisha makala fupi katika jarida la Uingereza la elimu ya madini. Wakaandika "Mbosi", kwa herufi s. Tangu hapo, mtaalamu anayeandika juu ya kimondo hiki huwataja hao wawili, kama vile mzee barazani asemavyo, "Neno hili nililisikia kwa fulani." Hata leo, katika orodha ya vimondo vya dunia, jina ni Mbosi, na mwaka ni 1930.

Je, kutajwa huko kwaweza kuhesabiwa? Naam. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alianza kutoa vitabu vikubwa vinavyoonyesha makala ipi imetajwa na nani. Siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo, na vyuo vingi hutazama hesabu hiyo vinapotaka kumpandisha mwalimu cheo. Yafaa, lakini msiiamini ovyo. Waandishi wa mambo ya malaria ni wengi, nao hutajana sana. Waandishi wa vimondo ni wachache. Tuseme huyu ametajwa mara 500 na yule mara 50: huwezi kusema kwamba wa pili ni dhaifu. Nani apimaye shamba la kahawa kwa magunia ya mahindi?

Tena kuna makala inayovuka mipaka ya elimu yake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Aliweka maziwa yake kwenye friji yangali moto, nayo yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi chuoni akalijaribu jambo hilo kwa maji. Mwaka 1969 makala yao ikachapishwa Uingereza, katika jarida la walimu wa fizikia, majina yao mawili pamoja.

Mpemba hakuwa mtaalamu wa fizikia. Alikwenda kufanya kazi ya wanyamapori. Lakini makala ile hutajwa na wachunguzi wa maji, na wa punje zinazogongana, na hata wa atomu. Wala si wote wanaoikubali. Mwaka 2016 wataalamu wawili huko Uingereza, Burridge na Linden, walipima tena kwa uangalifu, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko maji baridi. Makala yao nayo inamtaja Mpemba, na kompyuta imeihesabu pamoja na zile zinazomsifu.