Mcheza Kwao: Aliir Aliir, Mzaliwa wa Kakuma

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Wengine husema hutunzwa, na tofauti ya herufi moja si ndogo, kwani kutuza ni kumpa mtu zawadi kwa ufundi wake, na kutunza ni kumlinda hata siku asiyokuwa na ufundi wa kuonyesha. Lakini kabla ya tuzo na kabla ya matunzo lipo swali ambalo methali imeliacha wazi: kwao ni wapi? Ni pale kilipozikwa kitovu chake, pale walipotoka wazazi wake, au pale alipopewa uwanja akacheza? Maisha ya Aliir Aliir, mmoja wa watoto wa mwanzo wa wakimbizi wa Afrika kufika kilele cha mpira wa Australia, yanaturudisha kwenye swali hilo.

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1994 katika kambi ya Kakuma, kwenye nchi kavu ya Waturkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992, nayo ikawapokea watu waliokimbia vita vya Sudan vilivyoanza mwaka 1983. Wazazi wake walikuwa miongoni mwao. Nchi iitwayo leo Sudan Kusini haikuwapo bado, kwani ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Kenya nayo humpa mtoto uraia kwa mzazi wake, wala si kwa udongo aliozaliwa juu yake. Basi mtoto huyu alizaliwa kwetu Afrika Mashariki bila ya kuwa wa kwetu kwa karatasi yoyote.

Akiwa angali mtoto, familia ilihamia Australia na kukaa Brisbane. Huko aliukuta mchezo ambao sisi tuliolelewa na kandanda twauona mgeni kabisa. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, kabla ya Waingereza kuandika zile za kandanda mwaka 1863. Uwanja wake ni wa duara refu, mpira wake una umbo la yai, na kila upande huingiza wachezaji 18. Kila lango lina nguzo nne: mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya mbili za ndani ni pointi 6, na uliopita kando yake ni pointi 1. Hakuna kuotea. Fahari kuu ya mchezo ni kudaka: mchezaji huruka juu ya mabega ya wenzake, na akiunasa mpira uliopigwa kutoka mbali kabla haujagusa chini, wote humwachia aupige bila bughudha.

Kijana wa Kakuma aliujua mchezo huo ukubwani kidogo, wakati wenzake walikuwa wameunyonya na maziwa ya mama. Akavuka bara zima hadi magharibi, akaichezea East Fremantle, na mwaka 2013 Sydney Swans ikamchukua akiwa wa 44 katika mgao ambao klabu huchagua vijana kwa zamu. Mwaka huohuo Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alikuwa ameichezea North Melbourne mechi ya ligi kuu, wa kwanza kati ya wazaliwa wa Sudan. Njia ilikuwa imefunguliwa, ila bado ilikuwa na miiba.

Aliir alisubiri hadi mwaka 2016 kucheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu. Aliwekwa nyuma, mlinzi ambaye kazi yake ni kusoma mpira uliokusudiwa adui na kuunasa hewani. Msimu ule Sydney ilifika fainali, lakini goti lake liliumia katika mechi ya kabla yake, dhidi ya Geelong, akaitazama fainali pembeni na timu yake ikishindwa na Western Bulldogs. Mwisho wa mwaka 2020 alihamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akatajwa katika kikosi cha heshima cha wachezaji bora wa Australia nzima. Huko ndiko kutuzwa.

Na kutunzwa je? Alipoingia Sydney alimkuta Adam Goodes, mwana wa wenyeji asilia wa Australia, aliyekwisha kutwaa mara mbili medali ya mchezaji bora wa ligi, mwaka 2003 na 2006. Mwaka 2015 huyo Goodes alizomewa na watazamaji uwanja baada ya uwanja, kwa kuwa alithubutu kuukemea ubaguzi. Akastaafu mwaka huo, na ligi ikamwomba radhi mwaka 2019. Alicheza kwao hasa, katika ardhi ya mababu zake, akatuzwa medali, na bado hakutunzwa. Ikiwa mwenyeji alitendwa hivyo, mgeni ajifunze nini?

Sisi wa Tanga hatuna haki ya kulitazama jambo hili kwa mbali. Katika karne ya 19 Wazigua wa nchi yetu, wakisukumwa na njaa, walijikuta watumwa katika pwani ya Benadir. Wajukuu zao waliishi kando ya mto Juba wakikihifadhi Kizigua, hadi vita vya Somalia vya mwaka 1991 vikawatawanya. Wengine walipitia Kakuma hiyohiyo kuelekea Marekani. Wengine walirudi huku, wakawekwa Mkuyu, kisha Chogo, wilayani Handeni, na wengi wao wamepewa uraia. Lugha waliyokuja nayo midomoni ilikuwa shahidi wao kuliko cheti.

Aliir hakuja na lugha ya kumdai kwetu, wala hatuwezi kumdai kwa sababu tu amesifiwa ugenini. Ushindi huwa na jamaa wengi. Lakini tukiandika historia ya wanamichezo wa Afrika Mashariki, tusiiache Kakuma nje ya ramani, wala tusiwasubiri watoto wake wavuke bahari ndipo tujue majina yao. Tuzo aliitoa Australia. Matunzo yalikuwa deni la pale alipozaliwa.