Gemu iliyokosa mashabiki, ikaja kupangua mateke 15

Gemu ya kupigana ya Street Fighter II ilipotoka mwaka 1991, kumbi za mashine za michezo zilijaa foleni kutoka Tokyo hadi New York. Waundaji wake, Capcom, waliitoa upya kwa majina mengine, huku mashabiki wakiisubiri kwa miaka sita ile yenye namba tatu. Ilipofika, mwaka 1997, wengi waliiangalia na kuuliza: wako wapi watu wetu?

Chun-Li hayupo. Guile hayupo. Wakongwe waliobaki ni Ryu na Ken tu, na mhusika mkuu sasa ni Alex, mpiga mieleka wa Marekani ambaye hakuna aliyemjua. Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya: Virtua Fighter na Tekken zilikwishawazoesha wachezaji wapiganaji wa pande tatu, nao Capcom wakaja na michoro ya mkono kwenye mashine ya bei mbaya, CPS-3, ambayo hadi mwisho ilipata gemu sita tu.

Lakini michoro hiyo! Mtazame Elena, binti wa Kenya, akiwa amesimama tu. Hatulii: mabega yanayumba, kiuno kinafuata, miguu inabadilishana uzito kama aliyesikia ngoma kwa mbali. Hupigana kwa miguu, kwa mtindo wa capoeira. Hapo Capcom walichanganya mambo, maana capoeira ililelewa Brazili na Waafrika waliofanywa watumwa, wengi wao wakitokea upande wa Angola, si kwetu. Hata hivyo sijaona gemu ya miaka ile iliyomchora Mwafrika kwa upendo namna hii.

Toleo la pili la Street Fighter III lilitoka mwaka huohuo wa 1997. La tatu, 3rd Strike, lilikuja 1999 na kumrudisha Chun-Li. Kumbi zilikuwa zimeanza kufungwa, na gemu ikabaki mikononi mwa wachache walioielewa.

Walichokielewa ni kupangua. Katika gemu nyingi za kupigana unajikinga kwa kuvuta kijiti nyuma, na pigo zito hata likikingwa linakuchubua kidogo damu, yaani uhai wako kwenye skrini. Street Fighter III iliongeza njia nyingine: sukuma kijiti mbele, kuelekea kwenye pigo, sekunde ileile linapotua. Ukipatia, hupungukiwi chochote na mpinzani anabaki wazi. Ukikosea, umekula teke bila kinga yoyote. Kipa anayetoka langoni kumfuata mshambuliaji anaijua hesabu hii.

Agosti 2004, kwenye mashindano ya Evo huko Pomona, California, Daigo Umehara wa Japani alimchezesha Ken, naye Justin Wong wa Marekani alimchezesha Chun-Li. Damu ya Ken ilibaki uzi. Kukinga kusingemwokoa, mchubuko mmoja tu ungemmaliza. Wong akafyatua pigo kuu la Chun-Li, mvua ya mateke 15.

Pigo hilo linapoanza, skrini husimama kidogo, na anayengoja kuliona kwanza amechelewa kupangua teke la kwanza. Umehara alilazimika kusukuma kijiti akiwa amebashiri tu. Akapangua la kwanza, la pili, la tatu, kila moja kwa mdundo wake, na ukumbi mzima ukaanza kupiga kelele kabla mateke hayajaisha. Kwa la mwisho aliruka, akalipangua hewani, akashuka na mapigo yake mwenyewe hadi Chun-Li akalala chini.

Haikuwa fainali. Fainali yenyewe Umehara alifungwa na Mjapani mwenzake, Kenji Obata, aliyemchezesha Yun. Lakini video iliyozunguka dunia ni ile ya Ken na uzi wake wa damu, na watu wakarudi kuitafuta gemu waliyoipita miaka mitano nyuma.