Wabhoksa wa Tarai na Lugha Yao

Chini ya milima ya Himalaya, upande wa kaskazini wa India, wakaa watu waitwao Wabhoksa, au Wabuksa kama waandishi wengine waandikavyo. Makao yao yaanzia Udham Singh Nagar na Nainital hata kufika Dehradun, katika jimbo la Uttarakhand. Wengine wako Bijnor, katika Uttar Pradesh. Sensa ya 2011 iliwahesabu katika Uttarakhand watu wapatao 54,000. Jina lao ni la kale. Abul Fazl, mwandishi wa mfalme Akbar, alipoorodhesha sehemu za kutoza kodi mwishoni mwa karne ya 16, alitaja katika Kumaun jina lililo karibu sana na hilo, nalo ni jina la nchi. Kwa rai yangu yaelekea nchi ndiyo iliyowapa watu jina, maana masimulizi yao huwataja mababu Warajputi waliotoka mbali. Na masimulizi ya namna hiyo husikika hata kwa jirani zao Watharu.

Apendaye kuielewa lugha yao hana budi kuanza na maji. Katika ukanda wa Bhabar, mito itokayo milimani huzama chini ya kokoto. Katika Tarai, ulio chini zaidi, maji hayo hutokeza tena, na zamani yaliifanya nchi kuwa ya vinamasi, nyasi ndefu na misitu. Malaria ilikuwa kali hata wageni wakaikimbia nchi hiyo, hasa wakati wa mvua. Wabhoksa na Watharu walibaki, wakilima mpunga na kuvua samaki. Homa ikawa boma lao, ingawa ni boma lililowaua wenyewe pia.

Boma hilo lilibomolewa kwa miaka michache tu. Baada ya India kugawanywa mwaka 1947, serikali ilifyeka misitu, ikanyunyiza DDT, ikawagawia ardhi wakimbizi, wengi wao kutoka Punjab. Mwaka 1960 kilifunguliwa Pantnagar chuo kikuu cha kilimo, cha kwanza cha namna yake nchini humo. Ardhi isiyotakiwa na mtu ikawa mali, na Wabhoksa wengi wakapoteza mashamba yao.

Katika uchunguzi mkuu wa lugha za India uliokamilika mwaka 1928, Grierson aliiweka lugha hii chini ya Kibraj, akaiona kuwa ni ya mchanganyiko. Yapasa kukumbuka kwamba vielelezo vyake, kwa jumla, vilikusanywa kwa msaada wa maofisa wa wilaya, na kielelezo cha kwanza kilikuwa tafsiri ya mfano wa mwana mpotevu. Uhusiano na Kibraj siukatai; neno "mchanganyiko" ndilo lisilotufaa, kwani lugha gani ya mpakani haikuchanganyika? Watharu na Wabhoksa walikaa peke yao muda mrefu wa kutosha kuwa na msemo wao.

Mwaka 1967 serikali iliwaandika Wabhoksa katika orodha ya makabila yanayostahili ulinzi. Orodha hiyo yamtambua mtu, haisemi kitu juu ya lugha yake. Na katika lugha 22 zilizotajwa na katiba, yao haimo. Shuleni na ofisini hutumika Kihindi. Mchunguzi atakayekwenda huko sasa na aanze kwa wazee, aandike kwanza majina ya samaki, ya nyasi na ya namna za maji, kwa kuwa vinamasi vyenyewe vimekwisha kukaushwa.