Vinywaji vya "zéro" na "light": vinasaidia kupunguza kilo, ao hapana?

Mtu ametoka kwa munganga. Ameambiwa tansio yake iko juu na kwamba inafaa apunguze kilo. Akipita ku butike anaacha Coca ya kawaida, anachukua ile yenye kuandikwa "zéro". Miezi mitatu kisha, anapanda ku mizani: kilo ni zile zile. Anajiuliza kama walimdanganya, ao kama ni mwili wake njo unakataa.

Jibu kwa ufupi ni hili. Kinywaji cha zéro kinaweza kusaidia paka kama kinachukua nafasi ya sukari yenye mtu alikuwa anakunywa. Kama hakuwa anakunywa sucré mbele, ao kama anairudisha ile sukari ku sahani, hakuna kitu kitabadilika. Na kwa muda mrefu, Shirika la Afya Duniani (OMS) halishauri mtu ategemee vinywaji hivi ili akonde.

Ndani ya canette muko nini?

Canette ya Coca ya kawaida ya santilita 33 iko na sukari karibu gramu 35. Ni sawa na kupima vijiko vidogo karibu 9 vya sukari. Ile sukari inaleta kilokalori karibu 140.

OMS inaomba mtu mzima mwenye kula kilokalori 2000 kwa siku asipite gramu 50 za sukari ya kuongezwa, na inasema ni vizuri zaidi akibakia chini ya gramu 25. Kwa hiyo canette moja tu imekwisha kupita kile kipimo kizuri, mbele ya kuhesabu hata sukari ya chai ya asubuhi.

Ndani ya zéro muko maji, gazi, rangi, asidi, na kitu cha kuleta utamu: aspartame, acésulfame-K, sucralose, saccharine ao stevia. Aspartame inapita sukari kwa utamu mara 200 hivi, njo maana wanatia kidogo sana na kalori zinakuwa karibu na sifuri. Vitu hivi si vya jana. Saccharine ilivumbuliwa mwaka wa 1879 na Constantin Fahlberg, ku chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Aspartame ilivumbuliwa mwaka wa 1965.

Kusoma etikete

Maneno yenye kuandikwa ku chupa hayana maana moja. "Zéro" ao "sans sucre" ni kusema hakuna sukari. "Light" inaweza kumaanisha kwamba sukari imepunguzwa tu. "Sans sucres ajoutés" ni kusema hawakuongeza sukari, lakini juisi ya matunda iko na sukari yake yenyewe, na kalori zake zinahesabiwa. Njia ya kweli ni kugeuza chupa na kutafuta mstari wa "sucres": pale wanaandika gramu ngapi ziko mu mililita 100.

Wachunguzi waliona nini?

Mwaka wa 2012, wachunguzi wa Uholanzi walitangaza matokeo juu ya watoto 641 wenye walikuwa na desturi ya kunywa sucré. Kwa miezi 18, wamoja walipewa kila siku kinywaji kidogo cha sukari, wengine kinywaji cha namna ile ile lakini bila sukari. Watoto wote waliongezeka, juu walikuwa wanakomaa, lakini wale wa bila sukari waliongezeka karibu kilo 1 chini ya wenzao. Hapo zéro ilisaidia, kwa sababu ilitosha sukari ya kweli.

Mambo yanakuwa magumu wakati wanaipima na maji. Iran, mwaka wa 2015, wanawake 62 wenye kilo za kuzidi walifuata mpango wa chakula kwa wiki 24. Wenye kunywa maji kisha chakula cha mchana walipunguza kilo 8.8, wenye kunywa light, kilo 7.6. Lakini Marekani, uchunguzi juu ya watu wazima 303 ulionyesha kinyume: kisha mwaka mmoja, wa light walikuwa wamepunguza kilo karibu 6.2, wa maji kilo karibu 2.5. Uchunguzi huu wa Marekani ulilipiwa na chama cha makampuni ya vinywaji. Hiyo peke yake haionyeshe kwamba ni uongo, lakini ni jambo la kujua.

Kinachopasa kuangaliwa ni kwamba Iran na Marekani, wote walikuwa wanafuata mpango wa chakula na walikuwa na watu wa kuwasaidia. Hakuna mtu alikonda juu ya canette peke yake.

OMS ilikusanya machunguzi mengi, na tarehe 15 Mei 2023 ikatoa shauri lake: vitu vya utamu bila sukari visitumiwe kama njia ya kupunguza kilo. Kwa machunguzi ya muda mfupi, faida ilikuwa karibu gramu 700 tu. Kwa yale ya kufuata watu miaka mingi, wenye kuvitumia sana walionekana kuwa na ugonjwa wa sukari wa aina ya 2 na magonjwa ya moyo kuliko wengine. Lakini hapa inaomba uangalifu: watu wengi wanaanza zéro juu wamekwisha kunenepa, kwa hiyo si rahisi kujua ni nini kilitangulia. Njo maana OMS yenyewe ililiita shauri hilo kuwa lenye masharti.

Sababu gani kilo zinabakia?

Hesabu iko wazi. Kuacha canette moja ya sukari ni kuokoa kilokalori 140. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kiko na kilokalori karibu 120. Mtu akisema "nimekunywa zéro, sasa naweza kuongeza frites", ao akiongeza kijiko cha mafuta ndani ya sombe, faida yote imekwisha. Na mwenye kula bugali kubwa usiku na kushinda amekaa muchana kutwa, hata zéro kumi hazitamkondesha.

Tena, ulimi unabakia na desturi ya utamu. Mwenye kupunguza sukari ya chai kidogo kidogo, kutoka vijiko 3 mpaka 2, kisha 1, kisha muda anaona ile ya zamani imekuwa tamu kupita kiasi.

Na kansa?

Mu Julai 2023, tawi la OMS lenye kuchunguza kansa liliweka aspartame ku kikundi cha 2B, ni kusema "inaweza kuwa" sababu ya kansa, lakini ushahidi ni kidogo. Siku ile ile, wataalamu wa chakula waliacha kipimo cha zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angepita kipimo hicho akikunywa canette zaidi ya 9 mpaka 14 kwa siku moja. Lakini mwenye ugonjwa wa kuzaliwa nao wenye kuitwa phénylcétonurie hapashwe kutumia aspartame hata kidogo.

Wenye ugonjwa wa sukari

Shauri la OMS la 2023 halikuelekezwa kwa wenye wamekwisha kuwa na ugonjwa wa sukari. Kwao, zéro haipandishe sukari mu damu sawa Coca ya kawaida, na munganga wao njo anapashwa kuwaongoza.

Ila kuko jambo moja lenye familia inapashwa kujua. Mwenye kupigwa insuline akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, inawezekana sukari yake imeshuka. Pale anahitaji sukari ya kweli haraka: nusu kopo ya Coca ya kawaida, ao maji yenye sukari, kama angali anaweza kumeza. Zéro haitamsaidia kitu, na kukosea chupa kunaweza kumpoteza mtu.

Na maji je?

Ku Goma na ku Bukavu, jamaa nyingi zinapanga bidon ku robinet na kungojea, kisha inaomba makala ya kuchemsha. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba chupa ya kiwanda iko na usalama kuliko maji ya nyumbani hasemi upuuzi. Lakini maji ya kuchemsha jioni na kuacha yapoe mu chombo chenye kufunikwa inatosha siku nzima, na chai bila sukari ni maji vilevile.

Kwa mwenye alizoea sucré mbili ao tatu kwa siku, zéro inaweza kuwa daraja la kuvukia kwa wiki chache. Mwenye hajazoea hana sababu ya kuianza. Wote wawili, kilo zitashuka kama sahani imebadilika na miguu inatembea.