Mazizi ya Hyrax Hill

Kilomita nne hivi kutoka katikati ya Nakuru, pembeni mwa barabara kuu ya Nairobi, kipo kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill. Pimbi wanaoishi katika nyufa zake ndio waliokipatia jina. Maelfu ya magari hupita hapo kila siku, na wengi waliomo hawajui kwamba juu ya kilima kile na chini yake watu waliishi, wakafuga na kuzikana kwa muda wa miaka isiyopungua 3,000.

Mwanaakiolojia Louis Leakey alikitambua kilima hicho mwaka 1926. Mkewe, Mary, ndiye aliyekuja kukichimba mwaka 1937 na 1938. Alikuta makaburi ya wafugaji wa mwishomwisho wa Enzi ya Mawe, watu waliokuwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo lakini hawakujua chuma. Visu vyao vilikuwa vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano lenye makali ya kioo. Wanawake walizikwa na sahani za mawe; wanaume hawakuwekewa. Huenda chombo cha jikoni kilikuwa mali ya mwanamke hata kaburini, na kwangu jambo hilo lina uzito kuliko silaha zote zilizowahi kufukuliwa.

Kileleni kuna boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuyashikanisha. Ukisimama hapo Ziwa Nakuru lote liko mbele yako. Zamani za mvua nyingi, kabla ya wafugaji kufika, ziwa hilo lilikuwa kubwa mno, na maji yake yalifika kilimani penyewe.

Lakini fumbo la Hyrax Hill liko ubavuni, kwenye mashimo mapana ya mviringo ambayo sasa yameota majani. Mashimo kama hayo yametapakaa katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, na kule Uasin Gishu kuta zake zilijengwa kwa mawe. Wazee wa Kikalenjin na wa Kimaasai husimulia kuwa ni ya Wasirikwa, watu waliotangulia. Watafiti wa mwanzo waliyachukulia kuwa nyumba zilizochimbwa ardhini, na kwa miaka mingi hayo ndiyo yaliyoandikwa.

John Sutton, mwanaakiolojia aliyeyachunguza kwa makini na kuchimba hapa katika miaka ya 1980, alitoa jibu jingine: yalikuwa mazizi. Ushahidi wake ulikuwa uchafu. Mlango wa kila shimo ulielekea upande wa mteremko, na nje yake kulikuwa na kichuguu cha samadi na matope yaliyozolewa zizi liliposafishwa. Nyumba ya watu ilikuwa ndogo, imebanwa ubavuni mwa zizi, na mlango wake ulifungukia ndani ya zizi lenyewe. Mwizi wa mifugo angelazimika kupita mbele ya wenyewe. Nadhani mfugaji yeyote wa Baringo au Pokot angeyaelewa hayo bila kueleweshwa, na ni hasara kwamba hakuna aliyemuuliza mapema.

Makumbusho ya hapo yamo ndani ya nyumba ya shamba ya enzi ya walowezi. Wageni huipita haraka kwenda kutazama mashimo. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya historia ileile. Kwa mkataba wa mwaka 1904, Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa la kati ili ardhi ipewe wakulima wa Kizungu, na nyumba za namna hii ndizo zilizosimama mahali pa maboma yao. Kilima kiliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1943, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1965, Kenya ikiwa imekwisha kujitawala.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na majengo yanazidi kukisogelea kilima. Walimu wa Nakuru, wapelekeni wanafunzi wakayaone mashimo yale kwa macho yao, na mchukueni pamoja nao mzee mmoja aliyewahi kulala karibu na ng'ombe.