Muziki Unavuma Sebuleni? Hamisha Spika Kabla ya Kununua Nyingine

Besi ikivuma na maneno ya wimbo yakawa hayasikiki, wengi hukimbilia kununua spika mpya. Mara nyingi tatizo sio spika, ni mahali zilipowekwa.

1. Waya: Nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, kwa spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, besi inapungua sana.

2. Umbali: Spika zikiachana mita 2, kochi nalo likae mita 2 kutoka kila spika, ipatikane pembetatu yenye pande sawa. Zigeuze kidogo kumwelekea msikilizaji. Sauti ya mwimbaji itasikika katikati.

3. Urefu: Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa masikio ukiwa umekaa.

4. Ukuta: Ukuta unaongeza besi, kona inaongeza zaidi. Sogeza spika mbele kidogo kidogo, hadi nusu mita hivi, huku ukisikiliza wimbo uleule.

5. Mwangwi: Vigae na kuta tupu hurudisha sauti. Zulia na mapazia mazito huipunguza.

Ikibaki kuvuma baada ya hapo, ndipo ufikirie kutoa hela.